Mashua ya tanga kwa vijana wa ziwa la Lufira: tuchague ipi?

Kwa mtu wa Buluo, ziwa ni samaki na ni umeme. Mambo mengine juu ya ziwa tunazungumza kidogo. Lakini siku hizi vijana wa chama chetu wamekuja na ombi lingine: wanataka kushindana ziwani na mashua za tanga, zile ndogo za mtoto mmoja ao wawili, sawa vile wanaona kwenye televizyo. Wazee bamoja wamesema tanga ni mambo ya wazungu, haiko mila yetu. Wengine wamesema pesa itolewe haraka, mashua inunuliwe, mambo iishe. Mimi nawaomba wote wawili wangoje kidogo. Mashua mbaya kwa maji yetu inaweza kumaliza pesa ya chama mara moja, na inaweza kumaliza maisha ya mtoto. Basi tuanze na historia, kwa sababu jibu limelala humo.

Kwanza ziwa lenyewe. Halikuwako wakati wa mababu. Lufira ilikuwa mto tu, na penye maporomoko ambayo wazungu waliyaita Cornet, Union Minière ilijenga ukuta na usine ya umeme iliyoitwa Francqui. Usine ile ilianza kazi katika mwaka 1930. Njo Mwadingusha ya leo. Maji yaliyozuiliwa yalirudi nyuma yakafunika bonde, mbuga na pori, karibu kilometa za mraba 400. Wavuvi wanaliita Tshangalele, na karatasi za kampani zinaliita ziwa la akiba la Lufira. Jambo la kushika ni hili: ni ziwa pana sana lakini lina kina kidogo. Kwa wastani halifiki meta 3. Mwisho wa mvua, mwezi wa 4 na wa 5, linajaa. Likielekea mwezi wa 10 na wa 11 linarudi nyuma, matope yanaonekana, mafunjo yanabaki kwenye ukavu. Mtu anayechagua mashua bila kujua hivyo, anachagua kwa macho ya picha.

Kabla ya ziwa, watu wa Lufira walivuka na mtumbwi wa mti mmoja, ule wengi wetu tunauita bwato. Mwendeshaji alisimama nyuma, akasukuma na upondo; penye kina alishika kafi. Tanga halikuwako, na sioni haya kulisema. Katika mto wenye magugu na mapindo mengi, upondo ni chombo cha akili kuliko tanga. Misafara iliyokuja Bunkeya kwa Msiri, kabla hajauawa katika mwaka 1891, ilivuka Tanganyika kwa majahazi yenye matanga, kutoka Ujiji. Lakini tanga liliishia kule ku Tanganyika. Toka pale mpaka huku watu walitembea na miguu, mizigo kichwani: pembe, shaba, na chumvi ya Mwashya. Kwa hiyo wazee wana haki nusu. Tanga si mila ya Lufira. Lakini ziwa lenyewe halikuwa mila ya Lufira vilevile, na leo hakuna anayekataa samaki wake.

Kuna safari moja ya mashua ambayo ilipita mlangoni mwetu na ambayo masomo ya historia yanaisahau. Katika mwaka 1915, wakati wa vita vya kwanza, Waingereza walitaka kuwaondoa Wajerumani juu ya ziwa Tanganyika. Walileta mashua mbili za motere, kila moja ya urefu wa meta 12 hivi, zenye majina ya kuchekesha: Mimi na Toutou. Zilitoka Uingereza mpaka Cape Town na meli, kisha zikapanda gari la moshi hadi Elisabethville, na mwezi wa 8 zikafika Fungurume, ambako reli ya wakati ule ilikomea. Maana yake zilipita katika nchi yetu ya Kambove na Likasi, juu ya mabehewa. Kutoka Fungurume zilivutwa na trakta za mvuke, ng'ombe na watu, kupita milima ya Mitumba mpaka Sankisia, kisha mto Lualaba. Mwezi wa 12 zilikuwa Tanganyika, na siku ya pili ya Noeli zikakamata meli ya Kijerumani Kingani. Aliyezipeleka, Spicer-Simson, alikuwa mtu wa majivuno mengi, lakini somo moja linabaki: mashua huchaguliwa kwa maji ambayo itaelea, tena kwa barabara ambayo itapita kabla ya kufika majini. Sisi nasi tutapita barabara yetu, na ninyi mnaijua wakati wa mvua.

Wakati wa koloni, miji ya wazungu iliyokuwa na maji karibu ilipenda kuwa na cercle nautique. Ile ya Bujumbura, juu ya Tanganyika, watu wengi wanaijua hata leo. Mashua za cercle zilikuwa za mabwana: waliingia siku ya mungu, wakatembeza mabibi, wakarudi kunywa bia. Mwafrika alikuwa anaisukuma mashua majini, anaivuta tena mchanga, anaisafisha. Kuipanda, hapana. Njo maana mzee akisikia neno tanga, anaona kofia nyeupe. Namwelewa. Lakini mashua za watoto ambazo nataka kueleza zilizaliwa katika fikra nyingine kabisa, fikra ya watu ambao walikuwa wanahesabu pesa.

Ya kwanza inaitwa Optimist. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Clearwater, Florida, chama cha Optimist kilitafuta mchezo wa kuwashughulisha watoto wa kiume. Walikuwa na mashindano ya vigari vya mbao vinavyoteremka mlima. Mtu mmoja akauliza kwa nini mashua isiwe namna ile ile, ya bei ndogo, ambayo mtoto na baba yake wanaweza kuitengeneza nyumbani. Wakamwendea fundi Clark Mills. Yeye alifanya hesabu ya menuzie wa kweli: mbao ya tripleksi inauzwa kwa ubao wa futi 8 kwa 4, yaani meta 2,44 kwa 1,22, basi mashua isipite ule urefu. Optimist ina meta 2,30 kwa urefu na 1,13 kwa upana. Pua yake imekatwa bapa kama sanduku. Wengi wanaicheka wakiiona mara ya kwanza, lakini ile pua bapa iliokoa mbao na inampa mtoto nafasi ya kukaa. Uzito ni kilo 35. Ina tanga moja tu. Mwaka 1954 Axel Damgaard aliipeleka Denmark, toka pale ikaenea dunia nzima. Leo mtoto anaishindania mpaka mwaka ambao anatimiza miaka 15, basi, anatoka. Watoto wa Dar es Salaam wanajifunza nayo, vilevile wa Oman, ambako tangu 2008 shirika la Oman Sail limerudisha vijana kwenye bahari ya mababu zao.

Ya pili ni Vaurien, ya Ufaransa. Jina lake maana yake ni mtoto asiyefaa kitu, na sijui mzazi gani wa Likasi angelikubali jina lile. Jean-Jacques Herbulot aliichora kwa ajili ya shule ya mashua ya Les Glénans, ikaonyeshwa Paris mwanzo wa miaka ya 1950. Ni ya mbao ya tripleksi, meta 4,08, watu wawili. Ilisemwa kwamba bei yake ni bei ya kinga mbili. Kipimo kile nakipenda sana. Hata kwetu, ukitaka kujua kama kitu ni cha watu ao cha mabwana, uliza ni kinga ngapi.

Ya tatu njo ile ambayo nataka kuizungumzia zaidi, kwa sababu inatuhusu sisi watu wa shaba. Mwaka 1963, gazeti la London linaloitwa Daily Mirror lilitoa mashua ya kujijengea nyumbani, ikachukua jina la gazeti: Mirror. Walioichora ni Jack Holt, mtu wa mashua, na Barry Bucknell, ambaye alikuwa anafundisha watu kwenye televizyo namna ya kutengeneza vitu vya nyumba. Fundi wa zamani anaanza na mifupa ya mashua, kisha anavika mbao. Wao walifanya kinyume. Walitoboa matundu madogo kwenye pembe za tripleksi, wakashona ubao na ubao kwa nyuzi za shaba, wakakaza kwa kuzungusha. Ndani na nje ya mshono wakapaka utepe wa nyuzi za kioo pamoja na gundi ya resini. Gundi ikikauka, nyuzi zinakatwa, mshono unakuwa mgumu kama mfupa. Mtu asiyekuwa fundi aliweza kuijenga katika gereji yake. Zaidi ya Mirror 70 000 zimejengwa duniani.

Ona sasa: nyuzi za shaba. Haut-Katanga imetoa shaba kwa dunia zaidi ya miaka 100, na Shituru iko pale, moshi wake tunauona. Lakini katika mabuku ya shule tunaandika tu kwamba shaba yetu inakwenda kuwa waya wa umeme na risasi. Hakuna anayewaambia watoto kwamba ilishona pia mashua za watoto wenzao. Na kushona mashua si uvumbuzi wa Waingereza. Watu wa pwani, wa Lamu na Pate, walikuwa na mtepe, jahazi kubwa lililoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Liliisha katika karne ya 20. Mwanafunzi akiniuliza kama tanga lina mila katika lugha yetu ya Kiswahili, nitamjibu na mtepe.

Mzee mmoja wa chama aliuliza: kwa nini tusitie tanga juu ya bwato letu, tushindane hivyo, tuache mambo ya ng'ambo? Swali ni zuri, na kule Zanzibar na pwani ya Tanganyika wanafanya hivyo tangu zamani na ngalawa. Lakini angalia ngalawa vizuri: ina matengo mawili, mbao za pembeni zinazoelea upande huu na ule, zikiizuia isipinduke. Bwato letu halina matengo, na tumbo lake ni la mviringo. Likipigwa na upepo wa pembeni na tanga juu, linageuka kabla hujasema neno. Tena mti wa kuchonga bwato kubwa, tutautoa wapi? Miti mikubwa karibu na barabara ya Likasi na Lubumbashi imekwisha kuwa makala. Wavuvi wenyewe wanajenga na mbao za kupasua. Mashindano ya bwato kwa kafi, hayo yaendelee, nayapenda. Tanga ni kazi nyingine.

Kuna vijana wakubwa, wa miaka 16 na zaidi, ambao wanataka Laser. Nawaelewa, ni mashua ya Olimpiki tangu 1996. Ilichorwa na Bruce Kirby wa Kanada, na siku hizi inaitwa ILCA. Ina meta 4,23, mtu mmoja, na akili yake kubwa ni kwamba mwili ni mmoja lakini tanga ni tatu: ndogo, ya katikati na kubwa. Kijana akikua, anabadili tanga na kipande cha mlingoti, mwili unabaki. Allan Julie wa visiwa vya Seychelles aliisafiria katika Olimpiki zaidi ya moja, na Evi Van Acker wa Ubelgiji alipata nayo medali ya shaba London mwaka 2012. (Wabelgiji wanapenda tanga kweli: Jacques Rogge, aliyekuwa mkubwa wa kamati ya Olimpiki toka 2001 mpaka 2013, mwenyewe alishindana mara tatu katika Finn.) Lakini ILCA haijengwi na fundi wa mtaa. Ni plastiki yenye nyuzi za kioo, inatoka kwa wajenzi wenye ruhusa tu, na kwetu itabidi ipite Kasumbalesa na duane yake. Ikivunjika tunabaki kuiangalia. Vivyo hivyo 420 ya Christian Maury, ya watu wawili: nzuri, ya haraka, lakini inataka mwalimu aliyekomaa, na motere ya kufuata nyuma.

Hapo njo penye shauri kubwa. Katika nchi za wenzetu, watoto kumi wa Optimist wanafuatwa na mwalimu ndani ya mashua ya motere. Mmoja akipinduka, dakika moja amefikiwa. Sisi motere hatuna, na mafuta yake hatuna. Watoto wetu wengi wa Buluo hawajui kuogelea, kwa sababu bwawa la kuogelea lilikuwa mambo ya cercle. Mtoto wa miaka 9 peke yake ndani ya Optimist, katikati ya ziwa pana vile, akipatwa na upepo, nani atamfikia? Mvuvi mwenye upondo? Mirror ina meta 3,3 na inachukua watu wawili. Mwalimu mwembamba anaweza kukaa na mwanafunzi ndani yake, wakati wa masomo ya kwanza, amshike mkono juu ya usukani. Baadaye mkubwa anakaa na mdogo. Ndani yake mna vyumba vilivyofungwa vya hewa: hata ikijaa maji inaelea, watoto wanaishikilia. Mlingoti wake ni mfupi, na mti mwingine unapandishwa juu yake pamoja na tanga, kwa hiyo vyote vinalala ndani ya mashua. Kamioneti ndogo inaweza kuibeba mpaka majini. Kumbukeni Fungurume.

Atakayenipinga atasema: Optimist inafungua mlango wa mashindano ya Afrika na ya dunia, Mirror leo inashindaniwa katika nchi chache tu. Ni kweli. Pia Optimist inakatwa katika tripleksi ya kawaida bila kuunganisha, na Mirror ni ndefu kuliko ubao, lazima kuunganisha mbao mbili, na kiungo kibaya kinavunjika. Hayo yote nayakubali. Lakini mimi nafikiri juu ya mtoto wa mwaka wa kwanza, siyo juu ya bingwa wa mwaka wa kumi. Mtoto akishajua upepo, kubadili mashua ni kazi ya wiki mbili.

Jambo lingine ambalo wenye haraka wanalisahau: mashua moja haifanyi mashindano. Zote za hapa juu zilipendwa kwa sababu zinafanana: urefu moja, tanga moja, uzito moja, hata mwana wa tajiri hawezi kununua mbio. Kama chama kina pesa ya mashua moja nzuri ya kununuliwa, ni afadhali mbili za kujengwa, na zijengwe siku moja, na fundi mmoja, kwa kipimo kimoja. Nilimwonyesha menuzie mmoja wa hapa michoro. Alinyamaza kwanza, kisha akasema: «Mwalimu, miye natengeneza sanduku ya wafu kila juma. Hii iko sanduku tu, lakini ya wazima.» Alicheka, kisha akauliza bei ya resini. Lilikuwa swali la kufaa kuliko yote, kwa sababu tripleksi tunaipata Likasi, waya wa shaba tunaupata, lakini resini nzuri na utepe wa kioo ni vya kuagiza Lubumbashi. Tanga la kujifunzia linaweza kukatwa katika bashi nyepesi na mshonaji wa soko. Haliishi miaka mingi, lakini linafundisha.

Wakati wa kusafiri pia una kanuni yake. Kipwa, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9, upepo wa kusini-mashariki unavuma bila kubadilika sana, asubuhi ni baridi, mchana unakuwa mzuri. Hapo njo shule ifunguliwe, wakati ziwa bado lina maji. Mvua zikianza, dhoruba ya saa tisa inakuja na radi, na mlingoti katikati ya ziwa ndio kitu kirefu kuliko vyote: hakuna mtoto majini. Ubao unaoshushwa chini ya mashua, ule wa kuizuia isisukumwe pembeni, uzoezwe kuinuliwa haraka. Ukigonga kisiki ao matope, mashua inasimama ghafla na mtoto anarushwa mbele. Wavuvi wanajua visiki viko wapi. Waalikwe siku ya kwanza, walipwe, wapige vijiti vyenye vitambaa. Ni maji yao kabla ya kuwa maji ya mchezo.

Na maji yenyewe tuyachague. Wataalamu wa chuo kikuu wamepima shaba, kobalti na madini mengine katika samaki na majani ya bonde la Lufira ya juu, na maji ya viwanda vya Likasi yanashuka kwa mto Panda. Penye mdomo wa mito ile mtoto asijifunze kupinduka, kwa maana kujifunza kupinduka ni somo la kwanza, naye atameza maji. Karibu na mafunjo yaliyosimama kuna kichocho. Ufuko ulio wazi, wenye upepo na mchanga, mbali na mdomo wa mto, huo ndio wa kutafuta, na ninaomba kamati iende kuutazama mwezi wa 6, pamoja na mvuvi mmoja na fundi. Jile za kuelea zinunuliwe kabla ya mbao. Nne kwa mashua mbili, na ya tano kwa mwalimu.